Kete ya Kwanza: Bao Linavyofunguliwa Unguja

Jioni ya tarehe 7 Aprili 1972, Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania, alikuwa akicheza bao na wenzake katika makao makuu ya Afro-Shirazi Party, Kisiwandui, watu wenye silaha walipoingia na kumpiga risasi. Habari za kifo hicho zimeandikwa mara nyingi: nani walishukiwa, kesi ilikwendaje, na vipi Aboud Jumbe alishika nafasi yake. Bao lenyewe hutajwa kwa neno moja tu, kisha simulizi husonga mbele. Nani alikuwa akishinda, nyumba ya nani ilikuwa imeshaliwa, wachezaji walikuwa bado wananamua au walikwishaingia kwenye mtaji, mambo hayo hayamo katika masimulizi yanayosomwa na watu.

Huenda kutamani kuyajua kukaonekana ni jambo dogo mbele ya msiba mkubwa kama ule. Lakini utazame mchezo mwingine, uliochezwa London tarehe 21 Juni 1851. Siku hiyo mabingwa wawili wa sataranji, Adolf Anderssen na Lionel Kieseritzky, walicheza mchezo wa kupitisha muda tu, nje ya mashindano rasmi yaliyokuwa yakiendelea mjini humo. Hatua zake ziliandikwa. Leo mtoto yeyote mwenye ubao anaweza kuuanza mchezo huo upya na kuona jinsi Anderssen alivyokubali kupoteza ngome zote mbili, kisha malkia, halafu akamfunga mpinzani wake katika hatua ya 23 kwa vitunda vichache vilivyobaki. Zaidi ya miaka 170 imepita na watu bado wanabishana kama Kieseritzky angeweza kujiokoa.

Bao la Kiswahili lina haki ya kupewa heshima hiyo hiyo. Si mchezo wa kubahatisha. Hauna dadu, hauna karata iliyofichwa, na kila kete iliyomo ubaoni inaonekana na wote wawili. Anayeshinda ameshinda kwa hesabu, na hesabu inaweza kuandikwa, kukaguliwa na kufundishwa.

Wala si mchezo wa juzi. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mnamo 1840, alilitungia bao shairi, na wataalamu wamelitumia shairi hilo kama ushahidi kwamba istilahi za mchezo zilikuwa zimekwisha kukomaa mwambao huu wakati wake. Kwa Unguja, bao ni la barazani. Mji Mkongwe una kona kama ile ya Jaws Corner, eneo la Soko Muhogo, ambako wanaume hukaa jioni na kahawa, wengine na karata, wengine na dhumna, wengine na bao. Ng'ambo na mashamba nako zimo baraza zake. Anayelijua sana huitwa bingwa au fundi, na mtu haitwi hivyo kwa kujitangaza.

Ili msomaji asiyecheza aone ufundi uko wapi, inafaa kuufungua ubao wenyewe.

Ubao una mashimo 32, yaani safu 4 za mashimo 8. Kila mchezaji ana safu mbili zilizo upande wake: safu ya mbele, inayotazamana na ya mpinzani, na safu ya nyuma, ambayo ni ya kuhifadhia. Kete ni 64, na kwa kawaida ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za mkomwe unaoota karibu na pwani. Kati ya mashimo ya mbele moja limechongwa la mraba, nalo ndilo nyumba. Mashimo mawili ya mwisho katika safu hiyo, la kushoto na la kulia, huitwa vichwa.

Kwa ajili ya makala haya mashimo ya mbele yatapewa namba, kuanzia 1 hadi 8, kutoka mkono wa kushoto wa kila mchezaji. Nyumba inakuwa namba 5. Kwa kuwa wachezaji wanatazamana, shimo la 1 la mmoja linaelekea la 8 la mwenziwe, la 4 linaelekea la 5, na la 3 linaelekea la 6. Ukijumlisha namba za mashimo yanayotazamana, siku zote utapata 9.

Mchezo unaanza hivi: kila mmoja anaweka kete 6 katika nyumba, 2 katika shimo la 6 na 2 katika shimo la 7. Zilizobaki, kete 22 kwa kila mtu, zinakaa mkononi. Kisha wananamua, yaani kwa zamu kila mmoja anatia ubaoni kete moja, katika shimo la mbele lenye kete tayari. Kama shimo linaloelekea hapo kwa mpinzani nalo lina kete, amekula: anazichukua zote na kuzisambaza upande wake kuanzia kichwani, moja moja. Akiweza kula ni lazima ale. Asipoweza, anatakata, yaani anazichota kete za shimo alilotia na kuzisambaza kushoto au kulia. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu imekwisha. Ikiangukia penye kete, safari bado inaendelea, na hapo ndipo mkono wa fundi unapozunguka ubaoni hadi mtazamaji mgeni akachanganyikiwa.

Sasa tazama kete ya kwanza kabisa. Anayeanza ana kete katika mashimo ya 5, 6 na 7, na yote matatu yanaelekea mashimo matupu ya mpinzani. Hawezi kula. Nyumba yake haitakiwi kuguswa maadamu ana shimo jingine la kutakatia. Kwa hiyo, katika mchezo wote huu mkubwa, zamu ya kwanza ina njia nne tu: shimo la 6 kwenda kushoto, la 6 kwenda kulia, la 7 kwenda kushoto, au la 7 kwenda kulia. Nne tu, na bado kila moja ina tabia yake.

Njia kali kuliko zote ni ya 6 kushoto. Mchezaji anatia kete yake katika shimo la 6, zinakuwa 3, anazisambaza: moja inaingia nyumbani na kuifanya iwe na 7, moja inaangukia shimo la 4, na ya mwisho shimo la 3, ambalo ni tupu, zamu ikaisha. Kwa macho ya mwanafunzi, amejianika. Kete mbili pweke zimesimama mbele ya mpinzani: ile ya shimo la 4 inaelekea nyumba yake, ile ya shimo la 3 inaelekea shimo lake la 6. Mpinzani anaweza kula yoyote kati ya hizo, tena sheria inamlazimisha ale mojawapo.

Hapo ndipo mtego ulipo.

Mgeni wa bao huona kwamba kete moja ni kete moja, basi hula iliyo karibu na vidole. Tuseme ametia katika shimo lake la 6 na kuila ile ya shimo la 3. Amepata kete moja, ameiweka kichwani, zamu yake imekwisha. Lakini ameiacha ile ya shimo la 4 palepale, ikiitazama nyumba yake yenye kete 6. Aliyeanza anatia kete moja tu juu ya hiyo ya shimo la 4 na nyumba nzima inahama. Kete 6 zinakwenda upande wa pili, na akizisambaza kutoka kichwa cha kushoto ya mwisho inaangukia shimo lake la 6, lililo tupu; akizisambaza kutoka kulia ya mwisho inaangukia la 3, nalo ni tupu. Kwa vyovyote zamu inaishia hapo, naye amekwisha kubomoa nyumba ya mwenziwe katika zamu yake ya pili. Kuna watu wamecheza bao mwaka mzima na bado wanaanguka katika shimo hilo.

Anayejua atakula kwa nyumba. Anatia kete nyumbani kwake, zinakuwa 7, na kuila ile ya shimo la 4 iliyokuwa ikimtishia. Nyumba imesalimika. Hata hivyo hajamaliza kulipa deni, kwa sababu ile kete ya shimo la 3 bado ipo, na inaelekea shimo lake la 6 lenye kete 2. Aliyeanza anatia hapo na kuzila zote mbili. Sasa anakabiliwa na uamuzi ambao ndio utamu wenyewe wa bao: azisambaze kutoka kichwa kipi? Kutoka kushoto, zinakaa katika mashimo ya 1 na 2, na hakuna kinachoendelea. Kutoka kulia, ya kwanza inaingia shimo la 8, ya pili shimo la 7, ambalo lina kete 2. Zinakuwa 3, hakuna cha kula upande wa pili, basi anazichota na kuendelea: shimo la 6, nyumbani, na ya mwisho shimo la 4. Kete imerudi palepale ilipoliwa, na inaitazama tena nyumba ya mpinzani.

Kwa zamu tatu tu, kete mbili zilizoonekana kutupwa ovyo zimemfanya mpinzani ailinde nyumba yake, apoteze shimo la 6, kisha akabiliwe tena na tishio lile lile. Ukishaufahamu mfuatano huo huwezi tena kukubali kwamba bao ni mchezo wa wazee wasio na shughuli.

Je, kuna dawa? Ipo, na nzuri zaidi ni ya mtu mtulivu. Katika njia zile nne, 6 kulia inaonekana ya woga: kete zinakwenda mashimo ya 7 na 8, ya mwisho inajificha nyuma. Haimtishi mtu yeyote. Lakini imeliacha shimo la 6 tupu, na hapo ndipo hekima yake. Mpinzani akijibu kwa shambulio lile lile la 6 kushoto, kete yake ya shimo la 3 itakuwa inaelekea shimo tupu. Haina cha kula. Aliyeanza anaila ile ya shimo la 4 kwa nyumba yake, anaiweka kichwa cha kushoto, na shambulio limekufa kabla halijasimama. Ukilinganisha na 7 kulia, ambayo nayo ni tulivu lakini inaliacha shimo la 6 na kete zake 2, utaona kwamba utulivu nao una daraja: huu unalinda, ule unangoja kupigwa.

Uchambuzi wa namna hii hauhitaji mashine. Unahitaji ubao, subira na mtu wa kubishana naye. Unapata shida pale mchezo unapoendelea, kwa sababu kila kete inayoongezwa inazidisha njia. Ukifika katikati ya kunamua linakuja suala la nyumba yako mwenyewe. Unapokula na kete ya mwisho ikaishia nyumbani kwako, unaweza kulala, yaani kuacha hapo na kuhifadhi akiba, au kusafiri, yaani kuzichota zote na kuzimwaga ubaoni kwa mkupuo. Kusafiri mapema kunaweza kukumaliza. Kuchelewa kunaweza kukufanya uliwe nyumba nzima ukiwa bado unasitasita. Mabingwa hutambuliwa hapo zaidi kuliko mahali pengine popote.

Wako wanaofungwa kabla kete za mkononi hazijaisha, na kufungwa mkononi ni fedheha inayosemwa barazani kwa siku kadhaa. Zikiisha mkononi unaanza mtaji, ambapo mchezaji anachota kete za shimo lake na kuzisambaza akitafuta pa kula. Sasa hakuna tena kete mpya. Kinachotembea ni kile kilichopo. Safu ya mbele ya mtu ikibaki tupu, au akakosa shimo la kuchezea, ameshindwa. Mtaji mmoja unaweza kuzunguka ubao mara kadhaa, ukala hapa, ukaendelea, ukala tena pale. Wapo watafiti waliochunguza kama mtaji unaweza kuzunguka bila kikomo, na mwaka 2006 makala kuhusu mitaji isiyokwisha ilichapishwa katika jarida la kimataifa la michezo ya kompyuta. Wakati huo Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, kilikuwa kimekwisha kuandika programu za kucheza bao.

Mlango wa utafiti huo ulifunguliwa hapa hapa Zanzibar. Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mabingwa wa bao visiwani katika miaka ya 1990, akajifunza mchezo kwao, na mwaka 1995 akatoa tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Leiden kuhusu ubingwa wa bao na mipaka ya akili ya binadamu. Alichunguza mambo ambayo kabla yake yalikuwa yakiulizwa hasa kuhusu sataranji: bingwa anakumbuka nini anapoutazama ubao, na anaweza kuhesabu mbali kiasi gani kabla hajagusa kete. Kwa upande wa sataranji, Mholanzi mwingine, Adriaan de Groot, alikuwa ameonyesha tangu miaka ya 1940 kwamba bingwa akiuona ubao kwa sekunde chache tu anaweza kuupanga upya kwa kumbukumbu, kwa sababu haoni kipande kimoja kimoja bali sura nzima ya vita. Bao linadai zaidi, maana katika sataranji hatua moja hugusa sehemu chache za ubao, ilhali mtaji mmoja wa bao unaweza kubadilisha karibu kila shimo. Mtu anayeweza kuona mwisho wa mtaji kama huo kichwani, bila kugusa kete, ana akili inayostahili kuchunguzwa na vyuo vikuu, na walimu wake walikuwa wazee wa barazani.

Ni jambo la fahari, na pia linauma kidogo, kwamba maandishi mengi yaliyo makini kuhusu ufundi huo yako kwa Kiingereza na yamehifadhiwa Ulaya. Mambo mengi wanayoyajua mabingwa wa Unguja yako midomoni. Mchezo unapokwisha, watazamaji huuchambua papo hapo: ungelala pale, ungekula kwa kichwa cha kulia, umeiacha nyumba wazi. Uchambuzi huo ni mzuri, mara nyingine ni wa hali ya juu kabisa, kisha vikombe vya kahawa vinakusanywa na maneno yote yanakwenda na upepo. Bingwa akifariki anaondoka na michezo yake yote.

Wenzetu wa mbali wamekwenda njia nyingine. Kazakhstan wana mchezo wa jamii hii hii, togyzqumalaq, wenye mashimo 18 na kete 162. Wana mashirikisho yake, wana mashindano ya kitaifa na ya kimataifa, na wachezaji wao huandika kila hatua, kwa hiyo kijana anayejifunza leo anaweza kusoma funguzi za mabingwa waliomtangulia. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza mchezo huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la Kazakhstan pamoja na Kyrgyzstan na Uturuki. Hata Oman, ambako Waswahili wengi wana ndugu, kuna hawalis, mchezo wa safu 4 zenye mashimo 7, ambao yeyote aliyekulia na bao atautambua kwa kuutazama tu.

Zanzibar kwa upande wake ina Mji Mkongwe katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000. Milango yake imehesabiwa, kuta zimepimwa, balkoni zimepigwa picha. Katika maduka ya kumbukumbu za kitalii mbao za bao zilizochongwa kwa nakshi zinauzwa kila siku, na wanunuzi wengi huzitundika ukutani bila kujua kwamba nyumba ni shimo la tano. Ubao umehifadhiwa vizuri kuliko mchezo.

Kuandika mchezo wa bao si kazi ngumu. Namba za mashimo zilizotumika katika makala haya zinatosha kwa safu ya mbele. Herufi moja itaonyesha kushoto au kulia. Alama moja itaonyesha kulala au kusafiri. Kwa kuwa sheria ni zile zile, msomaji mwenye ubao wake anaweza kuufuata mchezo wote kutokana na mstari mmoja wa maandishi kwa kila zamu. Simu ya mkononi nayo inaweza kuwekwa juu ya ubao na kurekodi, kisha mtu akakaa baadaye na kunakili. Skuli zenye vilabu vya michezo zinaweza kuwapa wanafunzi kazi hiyo na wakajifunza hesabu humo humo. Vyama vya bao navyo vinaweza kuanza na fainali moja tu ya mashindano, kuichapisha na kumwomba bingwa mwenyewe aeleze kwa nini alisafiri pale alipoweza kulala.

Na wewe msomaji, ikiwa baba, babu au jirani yako ni fundi wa bao, nenda na daftari jioni ya leo. Muulize kwanza swali moja: akianza yeye, anapenda 6 kushoto au 6 kulia, na kwa sababu gani? Andika jibu lake kama alivyolisema.